Mlio wa Sitini

Alisema unaanza kwenye sitini,
akishapita Usagara, dagaa mgongoni,
mlio mwembamba, kama wa mtu anayelia ndani ya pipa.
Ukiachia mafuta unanyamaza,
ukikanyaga unarudi.
Nikamwambia: Lugembe, hiyo pinio inakuaga.
Akacheka. Akapakia. Miezi minne.

Leo Fuso limekuja likivutwa kwa mnyororo.
Difu limelala juu ya kipande cha boksi
kwenye kivuli cha jiwe letu hapa Nyakato,
lile lililojitwisha jiwe jingine
kabla watu hawajaota shingo.

Nafungua nati ya chini.
Oili haikutoka nyeusi.
Imetoka rangi ya chai ya maziwa,
na ndani yake unga wa chuma unameta
kama dagaa walioanikwa Igombe.

"Gari unaoshea wapi?"
"Ziwani. Kwani wengine wanaoshea wapi?"

Basi sikiliza. Umetoka Shinyanga, difu linachemka,
unalirudisha kinyumenyume mpaka maji yaguse ekseli.
Chuma cha moto kikipozwa ghafla huvuta pumzi,
na hapo pumzi ya kuvuta ilikuwa Nyanza yenyewe.
Limekunywa.
Hata mimi ningekunywa.

Ng'wandu, ana wiki ya tatu kazini, anauliza
kwa nini hizi gia ndogo katikati,
kwa nini tusiunge matairi mawili kwa chuma kimoja, yaishe.
Nampeleka kwa maneno hadi kona ya Mabatini:
la nje lina safari ndefu, la ndani fupi,
na yote mawili yanatakiwa kufika pamoja.
Ungeyafunga kwa chuma kimoja, moja lingeburutwa.
Hizi ndogo, nne kwenye msalaba wao,
barabara ikinyooka zinakaa tu,
utadhani zinalipwa bure.
Ikija kona ndipo zinageuka:
anachopunguziwa huyu anaongezewa yule,
na hesabu haipotezi hata jino.

Mimi naitwa Shija. Msukuma ameshanielewa:
walinitangulia mapacha.
Kulwa yuko Geita, mashimoni, na mzunguko wake ni mrefu.
Doto hajalala nje ya Magu hata usiku mmoja.
Maneno ya lile shamba la mpunga
yanapita kwangu, ya huyu kwenda kwa yule,
mwaka wa kumi na tisa sasa.

Ila difu lina udhaifu, Ng'wandu, nisikufiche.
Tairi moja likizama kwenye tope
mzunguko wote hukimbilia huko, kusiko na ubishi.
Lililo pakavu linasimama, linatazama.
Lililo topeni linazunguka kama limerogwa,
na gia ndogo, zilizoundwa kwa ajili ya kona,
zinakimbia katikati mpaka zinababuka.
Masika iliyopita nilituma hela Geita mara tatu.
Nipe spana ya ishirini na nne.

Lugembe anataka pinio tupu, krauni ile ile ibaki,
watoto wanadaiwa ada.
Namkatalia. Hizi zilisagwa pamoja zikiwa changa,
zikagongwa namba moja;
mwenye meno ya zamani atamtafuna mgeni
kabla hujafika Misungwi.
Anakaa juu ya ringi, anapiga simu kwa shemeji.

Saa kumi jozi imefika kwenye pikipiki, imefungwa kwa gazeti.
Napaka meno matatu rangi, nageuza kwa mkono.
Doa limekaa kisiginoni mwa jino.
Natoa, naongeza shimu nyembamba kama ganda la kitunguu,
nageuza tena. Limesogea. Bado.
Mara ya nne linakaa katikati,
dogo, kama alama ya kidole gumba kwenye hati.

Oili mpya, namba tisini, inaingia taratibu kama asali
inayonuka kiberiti.
"Kilomita elfu moja, usizidishe mzigo.
Na ziwani, liache kwanza lipoe."
Ananiitikia haraka mno.

Simu inatetemeka juu ya boksi. Doto.
Nafuta mikono kwanza,
kidole kimoja kimoja.