Akiba ya Mshono

Kwenye fomu ya ukumbi tuliandika: chama.
Bi Thuwaiba, mwenye ghorofa, mzaliwa wa Wete,
akauliza, "Cha nini?" Katibu akababaika.
Akajijibu mwenyewe: "Cha kuzikana, bila shaka.
Hapa Ruwi hakuna chama kingine."
Akatupa ufunguo, na birika la kahawa.

Ijumaa, baada ya swala, arubaini na saba
tulipanda ngazi juu ya duka la kubadili fedha:
madereva, mayaya wenye ruhusa ya saa tatu,
mwashi mmoja na saruji kwenye kope,
na mimi, fundi cherehani, niliyepewa kazi ya kuhesabu
kwa kuwa, walisema, napima watu bila kuwapendelea.

Nyumbani Mwenyekiti amekufa, kiti kiko wazi.
Wanaokitaka ni wawili, na wote walitupigia simu,
nyuso zao ukutani, pana kama shuka.

Kwanza Daktari Makungu, mtu wa takwimu:
deni limefika shingoni, ruzuku ya mafuta iondoke,
ya unga ifuate. Miaka mitatu tu, ndugu zangu.
Kazeni mkanda.
Mwashi akasimama, akainua shati.
Mkanda wake una matundu matano ya kiwandani
na manne aliyotoboa mwenyewe kwa msumari.
"Daktari, nionyeshe la kumi."
Tulicheka. Daktari naye akacheka, akichelewa kidogo;
mtandao, pengine.

Kisha Bi Salhiya Faki, anayejua majina ya watoto wetu:
unga utashuka, mishahara itapanda,
hakuna atakayekazwa kitu.
Makofi yakakitikisa kiyoyozi.
Mejumaa, yaya wa Al Khuwair, akauliza kwa upole
fedha zitatoka wapi.
"Kwenu," akasema Bi Salhiya. "Ninyi ndio mgodi wetu.
Asilimia mbili tu ya kila mnachotuma."
Tukasikia kiyoyozi kikidondosha maji ndooni.

Mimi sikusoma uchumi. Najua kanzu.
Mteja akinenepa, naachilia mshono;
akikonda, nauingiza.
Lakini fundi wa kwanza akiwa mwizi wa kitambaa,
akakata hadi ukingoni asiache akiba ndani,
hapo hata uje na sindano ya dhahabu
hakuna cha kuachilia.
Nilitaka kuwauliza wote wawili:
nguo mmeigeuza? Ndani mmetazama?
Na aliyekata ni nani, kama si ninyi,
mlioshika mkasi, huyu jicho hili na huyu jicho lile,
kwa miaka kumi na minane?
Lakini mhesabu kura hasemi.

Kura ziliingia kwenye kopo la halua.
Ishirini na mbili kwa Daktari.
Ishirini na mbili kwa Bibi.
Mbili zimeharibika: moja imeandikwa "unga",
nyingine imechorwa mkanda.
Ya arubaini na saba ilikuwa mkononi mwangu, tupu,
imekunjwa mara mbili kama pindo.

Kabla sijafungua kalamu, simu ya katibu ikalia.
Kule wamekwisha kumaliza, wamekwisha kutangaza;
kura za ughaibuni zitapokelewa kwa shukrani.
Kashinda nani? Sisemi. Mtasoma wenyewe kwenye bei.

Chini, ubao wa taa nyekundu ulikuwa umebadilika:
riyali moja, shilingi saba zaidi ya asubuhi.
Mayaya walijipanga upesi wakituma,
maana hasara ya nyumbani huku ni faida ya jioni moja,
na hakuna aliyefurahi kwa sauti.

Nikarudi dukani. Shafiqul, mwanagenzi wangu,
akauliza kwa Kiarabu chetu cha vibarua:
"Mmemzika nani leo?"
Nikamwambia bado tunampima.

Kisha nikavuta sare ya mpwa wangu, ya darasa la pili,
itakayosafiri na mtu Jumapili.
Nikaacha vidole vinne ndani ya pindo,
nikashona juu yake polepole,
pasionekane.