Wingu la Jumanne

Kazi yangu ni kuhesabu mashina yaliyovunjika.
Kampuni ya bima hunilipa kwa siku, na mafuta ya gari juu,
niingie shambani na fremu ya waya, mita kwa mita,
niitupe bila kulenga, nipige magoti ilipoangukia,
nihesabu: lililosimama, lililolala, lililokatika.
Nipige picha. Niandike asilimia.

Kamera ya pili, niliyonunua kwa pesa yangu
nikamficha Verna bei yake hadi Krismasi,
hiyo ni ya juu.

Huku Saskatchewan ardhi haina la kusema.
Mnara mmoja wa nafaka, reli, nguzo, nguzo, nguzo.
Mgeni hupita akisinzia. Mwenyeji hutazama juu
kama anayesoma barua ya serikali,
akitafuta mstari unaomhusu.

Nimepiga machweo ya Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
jua na vijua viwili ubavuni kama lina walinzi,
betri ikanifia kwapani nikijaribu kuipasha moto.
Ya Agosti, moshi wa misitu ya kaskazini
umeligeuza jua sarafu ya shaba:
unalikodolea macho, wala halikujibu.
Ya ziwa la chumvi, maji na mbingu rangi moja,
sikujua upeo niuweke wapi, nikauacha uende upande.
Mara moja, likizoni, nilipiga ya milimani.
Milima ililimeza jua mapema. Nilihisi nimepunjwa.

Ila Jumanne ile.
Julai, saa mbili na nusu usiku, jua bado lipo.
Wingu limesimama magharibi peke yake,
limejisokota kama nguo inayokamuliwa,
tumbo lake kijani, kijani cha chupa kuukuu,
na jua likapenya chini yake
likalipaka waridi, chungwa,
na zambarau ya jeraha la siku ya tatu.
Nilishuka nikaacha mlango wa gari wazi.
Fremu mia moja na kumi na nne.
Nilijisikia nikisema kwa sauti,
"Tulia hapohapo, mpenzi, usisogee."

Likasogea.
Likaenda kusini mashariki, mwendo wa mtu asiye na haraka,
likateremsha pazia jeupe
juu ya dengu za Orest Hnatiuk.

Asubuhi, simu. Faili jipya.
Dengu zilikuwa ndiyo kwanza zinafunga maganda.
Nikatupa fremu ya waya, nikapiga magoti.
Lililosimama: sifuri.
Nikatupa tena. Sifuri.
Harufu ya majani mabichi yaliyotwangwa,
nzuri, Mungu anisamehe, kama jikoni kwa mtu.

Orest alisimama mikono mifukoni.
"Jana jioni ulikuwa wapi?"
"Ng'ambo ya reli."
"Uliliona?"
"Nililiona."
Akachokora udongo kwa ncha ya kiatu.
"Ulilipiga?"

Ningeweza kusema hapana.
Nilimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera,
nikikikinga na jua kwa kofia.
Alirudi nyuma picha moja, mbili, kumi,
kama anayelifuata mpaka lilikotoka.
Kisha kidole chake, chenye nyufa nyeusi za grisi,
kikatua kona ya chini kushoto,
pale mimi nilipoona giza tu.
"Nyumba yangu hiyo. Taa ile ni Halyna, jikoni."

Niliandika asilimia mia, nikasaini.
Akaomba picha moja, kubwa, ya kutundika.
Sikuuliza kwa nini.

Usiku, mbele ya kompyuta, mkono ulishika njia yake ya siku zote:
hukata ardhi, kuipa mbingu nafasi.
Nikauzuia.
Kona ya chini kushoto imebaki kama ilivyokuwa,
nyeusi, na ndani yake nukta ya njano,
haizidi punje ya dengu.