Mnunuzi wa Nyasi

Siku tatu baada ya matokeo kutangazwa
maduka ya Luthuli yalishusha milango ya chuma,
na hisa za Vibiriti vya Ruaraka
zikaporomoka toka shilingi kumi na nane
hadi sita na senti arobaini.
Hapakuwa na moto kiwandani.
Mwenye kiwanda alipigwa picha
ameketi kwenye jukwaa la walioshindwa,
kofia ya rangi isiyofaa kichwani.
Basi.

Kathurima, dalali wangu, akapiga simu:
"Mama Wambeti, toka. Hawa hawatasamehewa.
Nunua benki. Waziri ameitaja mara mbili kanisani."
Nikamwuliza benki ilipata faida gani mwaka jana.
"Nimekwambia," akasema, "waziri ameitaja."

Nimekagua hesabu za watu miaka thelathini na mmoja.
Najua karatasi inavyoona haya ikibebeshwa uongo.
Nikafungua taarifa ya mwaka, nikaanzia nyuma,
kwenye tanbihi za herufi za sisimizi:
madeni, hakuna la kutisha;
kiwanja, bado kwa bei ya mwaka wa sabini na nne;
fedha taslimu, shilingi tisa kwa kila hisa.
Tisa, ndani ya mfuko unaouzwa sita.
Nikahesabu tena, kwa penseli.

Kesho yake nikasimama mkabala na lango lao,
ubavuni mwa mama muuza mandazi.
Malori kumi na moja kabla ya saa nne.
"Huwa hivi?"
"Jana yalikuwa kumi na mawili,"
akajibu, akawasha jiko kwa njiti moja.
Mpishi hamwulizi kiberiti alimpigia nani kura.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.
Sawa. Mimi nanunua nyasi.
Zikiwa zimelala, zina alama za kwato,
mradi mizizi niishike kwa mkono wangu.

Nisijisifu, lakini.
Mwaka ule wa kiwanda cha sukari
nilisema maneno haya haya,
nikazika humo kiinua mgongo cha marehemu.
Rahisi ikawa ghali. Mizizi ilikuwa imeoza,
nami langoni sikuwa nimefika.
Mwanangu Mutugi hajasahau:
mezani hunipitishia bakuli la sukari
bila kunitazama.

Nikanunua kwa sita na arobaini. Zikashuka hadi tano.
Nikanunua tena, kalamu ikitetemeka kwenye fomu.
Miezi kumi na minne, simu haikulia.
Gawio lilikuja kwenye bahasha nyembamba,
likatosha bili ya maji na kilo mbili za nyama.
Redioni waliapizana usiku kucha;
asubuhi watu waliwasha majiko.

Halafu Machi, mvua inanyesha,
wakubwa wakashikana mikono ngazini pa jumba la serikali,
wakacheka kwa meno yote,
na kofia zote zikawa za rangi moja.
Hisa zikaruka: kumi, kumi na tisa, ishirini na sita.
"Mama!" Kathurima anahema kama aliyepanda ghorofa.
"Nunua Vibiriti! Waziri ameitaja!"

Nikavaa viatu vya mvua, nikaenda Ruaraka.
Malori kumi na moja kabla ya saa nne,
kama zamani.
Mandazi tu ndiyo yalikuwa yamepanda bei.