Siku ya Sitini

Jumatatu moja, Kadutu, vyote vilikuja pamoja:
maji yalikohoa bombani kabla ya jogoo,
umeme ukawasha taa tuliyosahau kuizima,
na Papa akashuka kwenye lori la Kamituga
akiwa na tope hadi magotini.
Mama akafua shati jeupe, akalipiga pasi,
akatupanga mlangoni kwa urefu.
Mpiga picha wa Nyawera alikuwa amefunga. Msiba.

"Basi tungoje," Mama akasema.
"Mpaka lini, wewe msomi?"

Maji: kila siku ya tatu.
Umeme: kila siku ya nne.
Papa: kila siku ya kumi, barabara ikikubali.
Nikafungua kaye, na penseli fupi kuliko kidole,
tatu mara nne, mara kumi,
nikatangaza kama hakimu: mia moja na ishirini!

Mama hakujua jina la kosa langu.
Alijua kungoja.
"Miezi minne? Hesabu yako inanionea."

Kesho yake mwalimu Chirhulwire hakucheka.
Alizivunja namba kama muhogo mkavu:
tatu haivunjiki, iache.
Nne ni mbili, na mbili tena.
Kumi ni mbili na tano.
"Hii mbili ya kumi imekwisha kulala ndani ya nne.
Unaitandikia kitanda kingine cha nini?"

Mbili, mbili, tatu, tano.
Sitini.
Kigawe kidogo cha shirika, akaandika, akapiga mstari,
na chaki ikavunjika kwenye "kidogo".
Nilikimbia mteremko mzima hadi nyumbani
kumrudishia Mama miezi yake miwili.

Tulichora alama za makaa nyuma ya mlango.
Siku ya kumi na mbili, maji na umeme, Papa hayupo;
Mama alilipiga shati pasi hata hivyo.
Siku ya ishirini, Papa na umeme,
madumu matupu, shati lina jasho la safari.
Ya thelathini, Papa na maji,
pasi baridi kama jiwe la Ruzizi.
Nilianza kuogopa namba yangu.

Ya sitini ilikuwa Ijumaa.
Alfajiri bomba likakohoa.
Saa sita, taa.
Lori likakwama Mwenga.
Papa alibisha hodi saa tatu usiku,
Nyawera yote imefungwa milango.
Swali liliuliza siku. Halikuuliza saa.

Alivaa shati lile, akala sambaza,
akadondosha mafuta kwenye kola,
Mama akacheka hadi akakaa chini.

Picha hatuna.
Kaye ninayo: mia moja na ishirini imekatwa,
sitini iko chini yake,
na pembeni doa la mafuta, la duara,
pale Papa alipoweka kidole
akisoma polepole, akirudia:
mbili, mbili, tatu, tano.