Gunia la Tatu

Mbegu za honge aliziokota Gangavva kando ya barabara,
magunia matatu juu ya trekta la shemeji yake,
akalipwa mawili.
La tatu, alisema mhasibu, lina mawe.

Tulikamua yote matatu. Mawe hatukuyaona.
Mafuta yalitoka ya hudhurungi, machungu,
mazito kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Methanoli, magadi makali, nyuzi sitini;
usiku kucha yakajitenga yenyewe,
glisirini nyeusi chini, juu rangi ya asali changa.
Nikayaosha kwa maji ya uvuguvugu mara nne
kama nilivyomwosha mwanangu alipougua surua,
polepole, nisitie povu.

Kisha injini.
Silinda moja, rangi ya kijani iliyobabuka,
imekaa hapa Davangere kumshinda mkuu wa idara.
Tukainywesha ishirini kwa mia,
themanini tukaiachia dizeli yake ya kawaida.
Mizunguko elfu moja na mia tano. Robo ya mzigo.
Nusu. Robo tatu.
Sumanth anasoma, mimi naandika,
sakafu inatetemeka hadi kwenye fizi.

Karatasi ya kuchujia moshi,
iliyozoea kutoka nyeusi tititi,
ikatoka na kivuli tu cha majivu.
Sumanth akapiga kofi.
"Subiri," nikamwambia. "Mzigo kamili bado."

Mzigo kamili: oksidi za nitrojeni zikapanda,
zikaipita dizeli, zikakaa hukohuko.
Tukarudia. Zikapanda.
Tukabadili kihisi, tukanywa chai, tukarudia.
Na mafuta yakalika zaidi, kijiko hivi kwa saa.

"Ni nukta moja tu, Veeranna," kijana akasema,
kifutio mkononi. "Mchoro ungependeza."
Njia ya mwongo ni fupi
hata kwenye karatasi ya miraba.
Sikumjibu. Nikaandika kwa wino.

Jioni Gangavva akasimama penye bomba la moshi,
akanusa.
"Bajia," akasema. "Za mtu aliyesahau karai jikoni."
Halafu: "Imekunywa?"
"Imekunywa."
"Yote?"
"Yote."
"Hata ya lile gunia la mawe?"

Sumanth akatazama viatu vyake.
Injini ilikuwa inapoa, tik, tik,
chuma kikirudi mahali pake.
Nikachukua kalamu ileile
nikashuka ngazi.
Mhasibu alikuwa bado hajafunga dirisha.