Velebiti Haina Mto

Velebiti haina mto.
Andika hilo kwanza, alisema Perka,
ndipo uandike kwamba mvua hunyesha huku
kuliko kule bondeni wanakolima kabichi.
Inanyesha, jiwe linafungua kinywa,
basi. Hata tope halibaki kushuhudia.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, jeupe, limechongwa na matone
hadi limekuwa wembe.
Viatu vyangu vya mjini viliisha siku ya tatu.
Perka alicheka, akanipa vya marehemu mumewe,
vikubwa, akavijaza sufi.

Nilikuja na ndoo mbili za poda nyekundu
ambayo ikikutana na maji hugeuka kijani,
kijani cha panzi, kijani kisicho na adabu.
Idara ilitaka kujua
mvua ya mlima huu humwendea nani.

Tukisubiri mvua, tulikata theluji.
Mwezi wa saba, ndiyo. Kuna mashimo huku
ambayo jua halijawahi kugusa sakafu yake,
na theluji ya mwaka juzi imelala humo
imejifunika majani makavu.
Perka, miaka sitini na minane, alishuka kwa ngazi ya mti,
shoka kiunoni, akikohoa.
Akakata tofali, akalitia guniani, nikavuta.
Tukaliacha kwenye beseni juani.
Mbuzi kumi na tisa walikunywa hivyo,
nasi tukanywa baada yao
maji yenye ladha ya moshi.

Shamba lake ni kishimo kipana kama jamvi,
ukuta wa mawe makavu umekizunguka:
mashina ishirini na saba ya viazi.
Udongo aliubeba mama mkwe kwa kikapu,
na ukuta ni kwa ajili ya bura,
upepo ushukao kwa ghafla kama mdai,
uliowahi kumpindua punda pamoja na mkokoteni.
Upande wa baharini bura imekwangua mlima ukabaki upara.
Upande wa bara ni msitu, giza, na kinyesi cha dubu.
Ukisimama kileleni
sikio moja linasikia ndege, jingine halisikii kitu.

Mvua ikaja usiku, pamoja na radi.
Alfajiri tukamwaga poda penye koo la mlima,
maji yakawa kijani, yakazunguka mara mbili,
yakamezwa.
"Msalimie Dujo," Perka akaliambia shimo.
Sikuuliza Dujo ni nani.

Tulikuwa na walinzi kwenye chemchemi sita.
Siku ya tano, hakuna. Ya kumi, hakuna.
Mkuu wangu akaniuliza kwa simu kama nilipima vizuri.
Siku ya kumi na tisa ikalia simu ya Perka,
ile ya ukutani, iliyokuwa na vumbi.

Dujo ni kaka yake. Waligombania malisho,
akateremka pwani, akajenga vyumba vya kupangisha watalii,
miaka kumi na mmoja bila neno.
Mbele ya vyumba vyake maji baridi hububujika kutoka chini ya bahari,
na asubuhi hiyo yalitoka kijani.
Wageni wake Waustria wamekimbia na taulo zao!
Nani kanichafulia? Ni wewe! Nakujua!
Sauti yake niliisikia kutoka mlangoni.
Perka akaisogeza simu mbali na sikio,
akangoja, akairudisha.
"Yule mbuzi wa pembe moja," akasema, "alizaa mapacha."
Kimya.
Kisha nikasikia mtu akiuliza, taratibu: dume au jike?

Husemwa damu nzito kuliko maji.
Labda. Lakini maji ndiyo yaliyotangulia kufika.

Ripoti niliiandika: mita, siku, kasi.
Sikuandika kwamba sasa, akimaliza kuosha sufuria ya jibini,
Perka hupanda hadi kooni mwa mlima na kumwaga yale maji meupe,
ingawa anajua hayatamfikia mtu yakiwa meupe.
Halafu huhesabu.
Siku ya kumi na tisa hapeleki mbuzi mbali.
Hukaa karibu na ukuta, akimenya viazi
ambavyo tayari amevimenya.