Walio Ndani ya Kopo

Mchana natengeneza simu pale Birere,
kibanda cha mbao chini ya mwavuli wa vocha.
Usiku, Kavira akishalala, nafungua kopo la maziwa ya unga
nawatoa mmoja mmoja kwa kibano kilekile:
vibete wenye ndevu hadi magotini,
zimwi aliyekosa kidole gumba,
mwanamke mwenye masikio marefu
na upinde usiozidi ukucha wangu.

Waliingia mjini ndani ya robota la viatu.
Muuzaji alidhani ni plastiki ya kuyeyusha.
Nikalipa franga elfu mbili, nikajifanya sijali,
mkono ukinitetemeka mfukoni.

Rangi? Usiniulize duka.
Nyekundu ni ya kucha, tone lililobaki
chini ya chupa ya Masika wa saluni.
Kijani ni mabaki ya chukudu ya Nzanzu.
Dhahabu, hiyo nimenunua kweli,
ilivuka kutoka Gisenyi ndani ya soksi ya mwanafunzi.
Burashi ni nywele tatu za mbuzi, uzi,
na ganda la kalamu ya biki.

Macho ndiyo kazi.
Jicho la kibete ni dogo kuliko chembe ya ulezi.
Unashika pumzi, unasikiliza moyo,
na kati ya pigo na pigo unagusa.
Ukikohoa, ana makengeza maisha yake yote.
Wenye makengeza ninao sita. Siwatupi.

Moto ukikatika, na moto hukatika,
nawasha tochi ya simu ya mteja.
Mungu anisamehe betri yake.

Mchungaji Mulonda alipita, akaona safu ikikauka dirishani.
"Baba Asifiwe, hizi ni nini, hirizi?"
Ni watu wadogo, pasta, nawavika nguo.
Akainama. Akatazama kwa muda mrefu
kuliko mtu anayetafuta la kulaani.
Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama joka linauzwa.

Joka lilikuja bila bawa la kushoto.
Nimelishonea la kitambaa cha mwavuli;
linaegemea upande, kama mtu atokaye baa.

Usiku ule mlima ulipopasuka,
anga jekundu kama ndani ya kinywa,
kila mtu alikimbia na kilichokuwa karibu na mkono wake.
Kavira alibeba mtoto, godoro,
na sufuria ya maharage yaliyokuwa bado yakichemka.
Mimi nilibeba kopo.
Vyeti vya kuzaliwa vilibaki, na picha ya harusi.
Barabara ya Sake, umati, vumbi, majina yakiitwa,
na ndani ya koti langu vibete wakigongana
tik, tik, tik.

Mpaka leo nikisema chumvi imezidi
Kavira hujibu, "Waulize watu wako wa kopo."
Na ana haki.

Kanuni za mchezo wao sizijui.
Kulikuwa na karatasi, lugha nisiyoisoma,
panya wakala nusu.
Inaonekana walipaswa kupigana: mashoka, ngao, meno.
Lakini kwa kupigana mji huu haujakosa walimu.
Wangu husimama tu.
Asifiwe huwapanga foleni ya maji,
mwanamke wa upinde mbele, zimwi nyuma akinung'unika,
kila mmoja na kizibo cha chupa, ndilo dumu lake.

Chini ya miguu yao nimebandika mchanga wetu,
huu mweusi, wenye ncha, ulioteremka ukiwaka.
Nausaga kwa nyundo nyuma ya choo.
Nasikia kwingineko watu huununua kwenye pakiti.

Amebaki mmoja. Kijivu kitupu,
kiganja juu ya macho, anatazama mbali.
Namtoa. Namrudisha. Wiki ya tisa sasa.

Jana, kumbe Kavira hakuwa amelala.
"Huyo mpake shati la bluu," akasema gizani,
"kama lile ulilovaa barabara ya Sake."

Bluu sina.
Kesho nitapita kwa Masika.